Nani Ana Karatasi? Mto Tana na Ndoto za Mwaka 1889

Mhadhara wa wazi uliotolewa Garsen, Kaunti ya Tana River



Niliombwa nizungumze juu ya hadithi za kubuni na vijana. Nimechagua mada ambayo huenda ikawashangaza wengi wenu: mchezo wa mezani uliotungwa Marekani, unaohusu safari za kwenda sayari ya Mirihi katika mwaka 1889. Nitaeleza mchezo huo ni wa namna gani, kwa nini wapenzi wake wanangojea toleo jipya kwa hamu kubwa, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaokunywa maji ya Tana.

Dai langu ni moja, nami nalitanguliza ili mnipime nalo mpaka mwisho. Ndoto za wakati ujao zilizotungwa Ulaya katika enzi ya Malkia Victoria zilipita katika mto huu huu. Katika ndoto hizo watu wa mto waliwekwa upande wa mandhari, pamoja na mamba na mbu. Toleo jipya la ndoto yoyote, iwe ya mchezo au ya maendeleo, haliwi jipya kweli mpaka watu wa mahali pale wakae mezani kama wachezaji.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa aina hii haulazimu ubao wala kete za kusukuma. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Ndiye aijuaye nchi, hali ya hewa, maadui na siri zilizofichwa. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, naye ameandikwa kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, ujuzi wake, mali aliyo nayo na jambo analolitafuta maishani. Msimulizi huanza: mmefika kivukoni, mtumbwi haupo, jua linakuchwa, na ng'ambo kuna moshi. Mtafanya nini? Kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka hurushwa dadu. Hadithi itakakoishia hakuna akujuaye, hata msimulizi mwenyewe.

Sisi tuliolelewa na paukwa hatuhitaji mafunzo marefu. Hadithi zetu hazisogei mpaka wasikilizaji waitikie pakawa. Katika vitendawili, anayeshindwa hudaiwa mji. Akiutoa, mtegaji huuingia kwa maneno, akatembea humo, akala na kunywa, ndipo atoe jibu. Mchezo wa mezani ni ndugu wa karibu wa baraza hilo, ila kanuni zake zimepigwa chapa, na anayesikiliza ana mamlaka ya kuigeuza hadithi.

Mchezo ninaouzungumzia unaitwa Space: 1889. Uliandikwa na Frank Chadwick na kutolewa mwaka 1988 na kampuni ya Game Designers' Workshop ya jimbo la Illinois. Ndani yake historia imepindwa mahali pamoja: mwaka 1870 Thomas Edison anaruka na chombo chake hadi Mirihi. Mlango huo ukishafunguliwa, madola ya Ulaya hayakawii kuingia. Kufikia 1889 Waingereza wameushika mji wa Syrtis Major huko Mirihi, Wajerumani wamejikita katika misitu yenye mvuke ya Zuhura, na Wabelgiji wanawatesa wenyeji wa Coprates kama Mfalme Leopold alivyowatesa watu wa Kongo. Meli zinaelea hewani kwa nguvu ya mbao zisizokubali kuanguka, na miji ya kale ya Mirihi inaishi kando ya mifereji inayokauka.

Mifereji hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1877 mnajimu wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari aliyoiona juu ya uso wa Mirihi kwa darubini yake. Baadaye Mmarekani Percival Lowell akashikilia kwamba mistari hiyo ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili ili kuyaokoa mashamba yao na ukame. Ubishi ulidumu miaka mingi, na mwaka 1965 chombo Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kutuma picha zisizo na mfereji hata mmoja. Lakini kwa waandishi wa karne ya 19 mifereji ile ilikuwa kweli ya kutosha kujengea ulimwengu mzima, na Chadwick alirithi ulimwengu huo.

Kampuni iliyoutoa mchezo ilifungwa mwaka 1996, lakini mchezo wenyewe haukufa. Mwaka 2010 ulirudi kwa jina la Red Sands, ukitumia kanuni za mchezo mwingine. Wajerumani nao wakautolea toleo lao kwa lugha yao. Mpaka leo, kila linapotajwa toleo jipya, wapenzi wake huchangamka kama watu waliosikia chombo cha jamaa kimeonekana baharini. Huzitoa nakala za zamani kabatini, huzilinganisha kanuni, hujiuliza ramani zitakuwaje na nini kimeongezwa. Hamu hiyo naiheshimu. Anayengojea kitabu ni mtu anayeamini kwamba hadithi aliyoipenda bado haijasema yote iliyo nayo.

Pamoja na hamu hiyo kuna swali ambalo wasomaji wa leo hawalikwepi. Jalada la mwaka 1988 liliwaalika wachezaji waigize katika zama zilizostaarabika zaidi. Chadwick hakuwa kipofu. Habari za Coprates ni ushahidi kwamba alijua ukoloni ulifanya nini. Hata hivyo maneno ya jalada yanabaki pale, na mtu wa Tana ana haki ya kuuliza: katika mwaka 1889, huku kwetu, ustaarabu huo ulifikaje?

Mto kabla ya hadithi

Tuanze na mto kama ulivyokuwa, kabla ya kuandikwa na wageni. Tana hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita kama kilomita elfu moja mpaka Bahari Hindi, na hakuna mto mrefu kuuzidi katika Kenya. Hufurika kwa masika na tena kwa vuli. Mpokomo alijenga maisha yake juu ya mafuriko hayo: maji yakishuka, yanaacha udongo mpya kando ya mto, naye anapanda mpunga, mahindi na ndizi. Waorma walileta ng'ombe wao wakati wa kiangazi, wakayafikia maji kwa njia zilizojulikana, zile malka ambazo kila mzee hapa anazijua kwa majina. Wawindaji Wawata walizijua nyika zinazozunguka. Pwani kulikuwa na Kipini na Kau, na juu kidogo Witu, mji uliokuwa na sultani wake na uliowapokea watoro waliokimbia utumwa katika mashamba ya pwani.

Tena palikuwa na mfereji. Wakati wanajimu wa Ulaya wanabishana kama kuna viumbe wanaochimba mifereji Mirihi, watu wa huku walikuwa wamekwisha kuuchimba wao kwa mikono, ule wa Belezoni, uliounganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ifike Kau na Kipini bila kupitia mlango hatari wa bahari. Mafuriko yaliupanua mpaka Tana yenyewe ikaifuata njia ile, na leo maji mengi ya mto huingia baharini Kipini. Watu wa Tana waliugeuza mto mkubwa kwa majembe. Lowell angezisikia habari hizo zikitoka Mirihi, angeandika vitabu vitatu juu yake.

Wamishonari nao walikwisha fika. Wamethodisti walikuwa Golbanti, ambako mwaka 1886 mchungaji Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi wa Wamaasai. Muda mfupi baadaye Wajerumani wa Neukirchen walianzisha misheni yao Ngao, na Ferdinand Würtz akaanza kuandika lugha ya Kipokomo. Palikuwa, basi, na mashamba, biashara, siasa, dini na ubishi wa mipaka. Mto ulikuwa umejaa watu wenye mambo yao.

Walioandika mto bila kuuishi

Mwaka 1887 mwandishi wa Uingereza H. Rider Haggard alitoa riwaya yake Allan Quatermain. Mashujaa wake wanashuka Lamu, wanaingia mto Tana kwa mitumbwi, wanapambana na Wamaasai kwenye kituo cha mmishonari, kisha wanaendelea mpaka nchi iliyofichika ya watu weupe iitwayo Zu-Vendis. Haggard hakuwahi kufika huku. Alikuwa na vitabu vya wasafiri, na alikuwa na ndugu, Jack Haggard, aliyekuwa makamu wa balozi wa Uingereza Lamu katika miaka ya kati ya 1880. Kwa nyenzo hizo mto wetu ukawa mlango wa kupitia kwenda kwenye maajabu. Yeye na wasomaji wake hawakufikiria kwamba maajabu yangeweza kuwa mto wenyewe na watu wake.

Mwaka 1890 mwanauchumi wa Vienna, Theodor Hertzka, akatoa Freiland, riwaya ya jamii ya wakati ujao. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka uliofuata. Hertzka alikuwa mhariri wa magazeti na mtu wa hesabu, na riwaya yake ina hesabu nyingi. Anawaza nchi isiyo na mwenye ardhi, ambamo kila mtu anaweza kujiunga na shirika lolote la kazi, mtaji hautozwi riba, na wanawake, watoto na wazee wana haki ya kutunzwa. Ni mawazo mazito, na baadhi yake bado tunayahitaji. Lakini nchi hiyo ameiweka wapi? Kwenye miinuko ya Mlima Kenya, kule inakozaliwa Tana. Kwa Hertzka, ardhi hiyo ilikuwa kama karatasi tupu.

Riwaya ile haikuishia kusomwa. Vyama vya Freiland viliundwa katika miji mingi ya Ujerumani na Austria, michango ikakusanywa, na mwaka 1894 msafara wa kweli, chini ya Dk. Julius Wilhelm, ukafika Lamu. Nia ilikuwa kupanda mto Tana mpaka Mlima Kenya na kuanzisha pale nchi iliyokuwa kwenye kitabu. Wasafiri walitoka mataifa mbalimbali. Walikuta mamlaka ya Waingereza isiyowataka, eneo la Witu lililokuwa bado na moto wa vita, na wao wenyewe hawakupatana. Kabla ya mwaka kwisha msafara ulikuwa umevunjika, na Mlima Kenya hawakuuona.

Hapo mtanielewa nikisema kwamba mchezo wa kuigiza sayari ngeni ulichezwa hapa karibu karne moja kabla ya Chadwick kuandika kanuni zake, tena ulichezwa kwa watu halisi na mto halisi. Wachezaji walikuwa na kitabu chao na wahusika wao, na waliamini kwamba ubao ni mtupu. Miaka miwili baadaye Theodor Herzl aliitaja Freiland katika dibaji ya kitabu chake juu ya taifa la Wayahudi, akisema ni mtambo uliosanifiwa vizuri ambao hakuna uthibitisho kwamba unaweza kuendeshwa. Na mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ikapendekeza kwa chama cha Herzl ardhi ya Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Karatasi ile tupu ilikuwa ikipitishwa kutoka meza moja hadi nyingine, na wenyeji hawakuitwa kwenye meza hata moja.

Mwaka wenyewe wa 1889

Kati ya Haggard na Hertzka kuna mwaka uliomo katika jina la mchezo. Juni 1889 Mjerumani Carl Peters alishuka pwani ya kaskazini mwa Lamu, akikwepa meli za Waingereza zilizokuwa zimefunga njia. Kisingizio chake kilikuwa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria katika Sudan ya kusini. Nia yake kuu ilikuwa kusimika bendera ya Ujerumani njia nzima. Alipita Witu, akafika Tana kwenye misheni ya Ngao, kisha akaufuata mto kwenda juu.

Kitabu alichokiandika baadaye kinasomeka kama kitabu cha mchezo. Mna milima na maporomoko aliyoyapa majina ya wakuu wa Ujerumani. Mna vituo vya mapambano, mna mali ya kupata, mna maadui wa kushinda. Wapokomo wametokea humo hasa kama ghala: wana mitumbwi au hawana, wana nafaka au hawana, wanaitoa kwa hiari au inachukuliwa. Huko juu ya mto, mahali alipopaita Oda-Boru-Ruwa, alipigana na Waoromo na kiongozi wao akauawa. Yote hayo kwa ajili ya kumwokoa mtu ambaye hakuhitaji tena kuokolewa: Desemba mwaka ule ule Emin Pasha alifika Bagamoyo pamoja na msafiri Stanley, huku Peters bado yuko bara. Mwaka 1897 Peters alifukuzwa katika utumishi wa koloni la Ujerumani kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro.

Huo ndio mwaka 1889 wa Tana. Anayetaka kuigiza zama zile na aigize, lakini aujue huu.

Karatasi na jedwali

Sasa nirudi mezani, kwa sababu jambo ninalotaka tulielewe limo ndani ya kanuni zenyewe.

Katika vitabu vingi vya michezo hii mna mahali pa aina mbili ambapo kiumbe anaweza kuandikwa. Mahali pa kwanza ni karatasi ya mhusika. Aliye na karatasi ana jina, ana historia, ana jambo analolitaka, na muhimu kuliko yote, ana zamu ya kuamua. Mahali pa pili ni jedwali la mikasa ya njiani. Msafara ukisonga siku moja, msimulizi hurusha dadu na kulitazama jedwali: ikiwa mbili, mmekutana na mamba, ikiwa tano, mvua kubwa, ikiwa saba, kundi la wenyeji. Aliye katika jedwali hana zamu. Anatokea, anasaidia au anazuia, kisha ukurasa unafunguliwa mwingine.

Mkiwa na tofauti hiyo akilini, vitabu vyote nilivyovitaja vinajisomea vyenyewe. Quatermain ana karatasi. Wapiga makasia wako katika jedwali. Mfuasi wa Freiland ana karatasi. Mfugaji wa miinuko yuko katika jedwali. Peters ana karatasi, bendera na kitabu. Mpokomo mwenye mtumbwi yuko mstari wa saba, chini ya mvua kubwa.

Lakini mtu yule mwenye mtumbwi alikuwa na mambo yake mwaka 1889. Alijua kina cha maji kwa kuutazama uso wake. Alikuwa na mashamba ambayo maji yangeyafikia au yasingeyafikia. Alikuwa na wazee waliompa amri, na walikuwa na ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo, ambayo mlio wake ulikuwa sheria. Ngoma hiyo ilichukuliwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na mpaka leo imo katika hazina ya British Museum mjini London. Wazee wetu wameomba irudishwe. Mtu huyo alilazimika kuamua usiku ule Peters alipopiga kambi: nifiche mtumbwi, niuuze, au nikubali kuongoza na nichague njia itakayowachosha? Ni uamuzi wenye uzito wa hadithi nzima. Hadithi hiyo haijaandikwa kwa sababu aliyekuwa na kalamu hakumpa karatasi.

Matoleo yaliyofuata

Ingekuwa mambo haya yalikoma mwaka 1894, ningewaachia wanahistoria. Lakini mto huu umetungiwa matoleo mengine mengi.

Mwaka 1974 ilianzishwa mamlaka ya kuendeleza mto Tana, ambayo leo tunaiita TARDA. Mwisho wa miaka hiyo ya 1970 ukaja mradi wa umwagiliaji wa Bura, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mipango ilitaja hekta 6,700 za pamba na mahindi, na maelfu ya familia kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Hekta zilizolimwa hazikufika nusu, na gharama ilipanda sana. Hapa chini katika delta ukaja mradi wa mpunga wa TARDA, wenye kuta za kuzuia maji. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yakazibomoa. Mwaka 2008 likaja pendekezo la mashamba ya miwa ya hekta kama 20,000, watu wakalipinga mahakamani.

Sisemi kwamba waliobuni miradi hiyo walikuwa watu wabaya, wala kwamba Tana haihitaji umwagiliaji. Tunauhitaji. Nasema ramani zilianza pale pale alipoanzia Hertzka: palipo na malisho ya kiangazi pakaandikwa ardhi isiyotumika, palipo na malka pakachorwa mfereji, na mafuriko yanayolisha mashamba yakaitwa hasara. Mworma na Mpokomo wakarudishwa katika jedwali la mikasa, mara hii kwa jina la changamoto za mradi. Na ardhi inapopungua pande zote, jirani huanza kumtazama jirani kama mkasa wa njiani. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 tuliyaona matokeo yake. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii. Wengi humu tuliwazika.

Jambo jema ni kwamba toleo la namna nyingine limekwisha anza. Mwaka 2012 huo huo delta ya Tana, hekta 163,600, iliwekwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia. Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba mipango ya ardhi ya delta ifanywe kwa kuwashirikisha wanaoishi humo. Na mwaka 2015 ukazinduliwa mpango wa matumizi ya ardhi wa delta, uliotayarishwa kwa vikao vya vijiji, ambamo wakulima, wafugaji na wavuvi walikaa na kuonyesha kwa vidole: hapa tunalima, hapa ng'ombe wanapita, hapa samaki wanazaliana. Mpango huo una mapungufu yake, na utekelezaji wake unatudai juhudi. Lakini katika historia niliyoisimulia leo, ni mara chache sana watu wa mto wamekuwa na karatasi na zamu.

Toleo la Tana

Kwa hiyo naligeukia ombi langu, na nalielekeza pande mbili.

Kwa watungaji na wachapishaji wa michezo ya zama zile, walioko mbali: wasomaji wenu wanangoja toleo jipya, nasi tunaongezea matarajio yetu. Meli zenu zinazoelea msiziondoe, wala mvuke wa Zuhura, wala furaha ya kusafiri. Wapeni karatasi waliokuwa katika jedwali. Wenyeji wa Mirihi wawe na baraza zao, madeni yao na mipango yao ya mifereji ambayo mgeni haijui. Na mkiandika sura ya Dunia ya mwaka 1889, hapa pana mto ambao Haggard aliuwaza, Peters akaupita, na Hertzka akauota. Katika mwaka 1891 kampuni ya Waingereza ilileta meli ya mvuke iitwayo Kenia ikapanda mto huu chini ya Kamanda Dundas. Chombo cha mvuke mnacho tayari. Lililobaki ni kumwandika rubani aliyesimama mbele na kumwonyesha kamanda fungu la mchanga liko wapi.

Kwa ninyi vijana wa Garsen: msingoje mtu. Mchezo huu gharama yake ni dadu, kalamu, karatasi na meza. Tungeni toleo la Tana la mwaka 1889. Pawe na nahodha Mbajuni wa Kipini, mtoro aliyepata uhuru Witu, msichana wa Kiorma anayezijua malka zote mpaka Hola, mganga wa Kipokomo, mwanafunzi wa misheni ya Ngao aliyejifunza kuandika na sasa anasoma barua ambazo hakutakiwa kuzisoma. Mto nao uwe na kanuni: dadu ya masika, dadu ya vuli, na mwaka wa kiangazi ambapo wote wanakutana kwenye maji machache. Kisha anzeni: Mzungu mwenye bendera amefika Ngao na anataka mitumbwi. Mtafanya nini?

Mtu anaweza kuniambia kwamba huu ni upuuzi mbele ya njaa na mafuriko. Namjibu kwa heshima. Mchezo hautachimba kisima, wala hautachukua mahali pa sheria na wazee. Lakini mchezo huu una sharti moja ambalo mikutano yetu mingi haina: kijana wa Kipokomo anaweza kupewa karatasi ya mchungaji wa Kiorma, na kwa saa tatu nzima akalazimika kuwatafutia maji ng'ombe mia wanaokufa kwa kiu. Kijana wa Kiorma anaweza kupewa shamba la mpunga lenye wiki mbili kabla ya kuvunwa, na akasikia kengele za ng'ombe zikikaribia. Hakuna anayeweza kushinda peke yake, na wote wamekaa meza moja wakisikilizana mpaka zamu yao ifike. Baada ya yale ya 2012, mimi naona zoezi hilo lina thamani kubwa.

Wazee, kwenu naomba majina. Wajukuu wenu hawawezi kuchora ramani ya mwaka 1889 bila majina ya vijiji vilivyohama mto ulipohama, njia za mifugo zilizozibwa, na watu waliokuwa na sauti katika gasa na matadheda, mabaraza ya wazee wa Kipokomo na wa Kiorma. Walimu, naomba alasiri moja katika wiki na chumba kimoja. Wasimamizi wa maktaba na wa vituo vya utamaduni katika kaunti, naomba mahali pa kuhifadhi kitakachoandikwa, kwa Kipokomo, kwa Kiorma na kwa Kiswahili.

Kenya nzima huimba wimbo wa taifa kwa sauti iliyotoka kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, aliyoileta Mzee Meza Morowa Galana. Mto huu, basi, umekwisha kulipa taifa zima kitu ambacho kila mtu anakijua kwa moyo. Unaweza pia kuipa dunia hadithi za wakati ujao. Toleo jipya tunalolingojea litakuwa jipya siku litakapokuwa na majina yetu kwenye karatasi za wahusika, na sehemu ya kwanza ya kazi hiyo inaweza kuanza juma hili, katika mji huu, kwa yeyote aliye tayari kuketi na kuandika.